Mwaka Niliomchora Baba Editha

Editha alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa sokoni hapa Biharamulo nachagua dagaa. "Madam, baba hatunaye." Mimi ni mtu mzima sasa, nimestaafu, wajukuu ninao, watu nimezika wengi tu, lakini nilijikuta nimekaa juu ya gunia la mwenyewe, muuza dagaa ananiuliza mama vipi. Kesho yake nikapanda basi hadi Ngara, nikachukua pikipiki mpaka Kirushya, nikafika wameshatoka makaburini. Pale chini ya turubai, nimenyoosha mkono kupokea sahani ya ndizi na maharage, nikasikia jitu moja lenye kitambi linapaza sauti: "Jamani pisheni, pisheni, mke wa marehemu kafika!" Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kanga. Sahani ikaniponyoka. Kumbe ni Onesmo, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, mvi zimemjaa kichwani na adabu bado haijaingia. "Onesmo, huna haya? Leo tumezika!" Akanijibu bila hata kupepesa macho: "Madam, si niliandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa Kiingereza, na wewe ukasahihisha?" Mungu wangu! Miaka yote hiyo nilidhani wamesahau. Basi nikakaa kwenye mkeka na akina mama, nikaletewa sahani nyingine, na mwaka wote ule ukanirudia pale pale.

Nilifika Kirushya nikiwa na miaka ishirini na mbili, natoka Morogoro, nina cheti cha ualimu, godoro la kukunja na sanduku la bati. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa. Mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mzee Filipo na mkewe Mama Leokadia, watu wazima ambao watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, wakanipa chumba cha upande wa njia. Kilikuwa na dirisha la mbao, kitanda cha kamba, na nyuma ya mlango gunia la maharage ya mbegu ambalo niliambiwa nisiliguse hata nikifa njaa. Chakula kilikuwa ndizi na maharage mchana, na jioni maharage na ndizi, na siku ya bahati kisamvu kilichotwangwa kikapikwa mpaka kikalainika kabisa. Nilinenepa. Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila neno la upande wa pili lilipita na kuniangukia kitandani, ila lilikuwa la Kihangaza na mimi Kihangaza sikijui. Nilichokamata ni "mwarimu", maana Mama Leokadia hakuwa na l katika jina langu la kazi. Mwarimu hivi, mwarimu vile, halafu kicheko. Nilijisemea wananisifia.

Nilipewa Kiingereza, darasa la sita. Wiki ya kwanza nikabandika ubaoni picha nne za kitabuni: mtu analala chini ya mti, nyoka anashuka, mtu anaamka, watu wanakimbia na fimbo. Nikawaambia waandike hadithi fupi kutokana na picha hizo. Wakainama, wakaandika mbio mbio mpaka nikafurahi, nikasema kumbe watoto hawa wakali! Nakuja kusahihisha, lo, darasa zima, tangu dawati la mbele mpaka la nyuma, wameandika habari za ng'ombe. Tuna ng'ombe. Ana miguu minne. Anatupa maziwa. Tunampenda ng'ombe wetu. Nyoka hayumo, mti haumo, mtu mwenyewe hayumo. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewakaririsha insha moja, na kila walipoambiwa "andika" walimtoa ng'ombe yuleyule zizini. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaanza kuogopa, maana mwaka unaofuata watoto wale walikuwa wanaingia darasa la saba.

Nikaamua nitachora mwenyewe, tena nitachora wanachokiona kila siku, kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuwakaririsha. Karatasi za manila hazikuwepo. Niliomba mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa zahanati, nikaichana, nikatumia karatasi ya ndani ambayo ni safi, na chaki za rangi nilizolowesha kwenye maji ya sukari zisipukutike. Kila Alhamisi picha nne. Kwanza nazibandika ovyo, ya mwisho mwanzoni, ya kwanza katikati, wao wazipange. Halafu tunaulizana kwa mdomo: nani huyu? Yuko wapi? Anafanya nini? Halafu? Hilo "halafu" ndilo lilikuwa kazi. Mtoto anaweza kukwambia mtu amebeba ndizi, mwambie "halafu?" akuangalie kama umemtukana. Lakini waliamka polepole. Wakaanza kunibishia, picha hii haiji kabla ya hii, Madam, mvua haijanyesha bado. Ng'ombe akapungua, mwisho akatoweka kabisa, na mimi nikawa natembea kijijini kichwa juu.

Sasa mtu wa kuchora nilimpata dirishani kwangu. Kila asubuhi nikipiga mswaki palikuwa na mwanaume anapita anasukuma baiskeli mlimani, mikungu ya ndizi nyuma, kofia ya pama kichwani. Akiniona anainua kofia: "Mwalimu, hujambo." Nami: "Shikamoo." Basi. Mimi si mchoraji wa sifa. Sura za watu zinanishinda, wote hutoka pua moja. Lakini kofia, baiskeli na mkungu wa ndizi, nani atashindwa? Nikamchora anaenda sokoni. Nikamchora amepata pancha. Nikamchora mbuzi anamlia ndizi huku yeye anafunga kamba ya kiatu. Nikamchora ananyeshewa, anaanguka, anasaidiwa, anarudi nyumbani. Watoto walimpenda jamaa yule kuliko kitu chochote. Alhamisi nikifungua karatasi wanaanza kupiga kelele kabla hata hawajaona. Nilijua ni nani, ndiyo. Alikuwa Bonifasi, aliyefiwa na mkewe, baba yake Editha, mwanafunzi wangu. Nilidhani mtoto anafurahi kumwona baba yake kwenye hadithi, nikaishia hapo.

Editha alikuwa msichana mwembamba, miguu mirefu, anakaa dawati la mbele, na kwa Kiingereza alikuwa anawaacha wenzake mbali. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaanza kutembea vizuri. Aliishi na baba na bibi mzaa baba. Alikuwa ananisubiri kwenye njia ili anibebee kapu la madaftari, na akishalibeba hasemi kitu, anatembea tu pembeni yangu, ananiangalia ninavyofunga kitambaa, ninavyovaa viatu. Siku moja aliniuliza kama Morogoro akina mama wanawasuka watoto wao wenyewe au wanawapeleka kwa watu. Nikamwambia wengi wanasuka wenyewe. Akawa anajishika nywele mpaka tulipofika. Mtoto yule alikuwa anatafuta mama, na kila mtu Kirushya alikuwa analijua hilo isipokuwa mimi, mwenye cheti cha ualimu. Na kwa kuwa aliyeandika hadithi nzuri kuliko wote nilikuwa nampa picha za wiki ile aende nazo nyumbani, picha nyingi ziliishia kwao. Bibi yake alizibandika ukutani sebuleni kwa ugali wa muhogo, moja baada ya nyingine, mpaka ukuta ukajaa. Bibi kizee amekaa kwenye mkeka wake kutwa, kila akiinua macho anamwona mwanawe: mwanawe na kofia, mwanawe na ndizi, mwanawe ananyeshewa, na wote hao wamechorwa na binti wa Morogoro ambaye hajaolewa.

Ikaja Jumapili hiyo. Tumetoka kanisani, mimi niko uani namenya ndizi na majirani wawili wa Mama Leokadia waliokuja kusaidia. Nyumba za kule zina uzio wa miti, na penye uzio pana mlango wa kuingilia wanaouita irembo. Nikaona wazee watatu wamesimama pale nje, makoti yamepigwa pasi, na mmoja ameshika kibuyu kikubwa kilichozibwa mdomo kwa jani la mgomba. Wamesimama tu. Hawapigi hodi. Mzee Filipo yuko ndani anakohoa, Mama Leokadia anapanga vyungu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, majirani wameinamisha vichwa kwenye ndizi. Hakuna anayekwenda! Nikasema Mungu wangu, watu gani hawa, wageni wazee wamebeba mzigo wanaachwa juani? Kwetu hilo ni aibu ya kutembea nayo mwaka mzima. Nikatupa kisu, nikafuta mikono kwenye kanga, nikakimbia. "Karibuni, karibuni jamani! Shikamooni!" Wakanijibu marahaba kila mmoja kwa zamu yake. Nikashika kile kibuyu. Mzee alikishikilia kidogo, akanitazama usoni, mimi nikavuta, akakiachia. Nyuma yangu vigelegele vikalipuka. Nikawaza, ama kweli watu wa huku wana utu, mtu akipokea mzigo anapigiwa vigelegele! Nikakiingiza ndani mwenyewe, nikakiweka katikati ya sebule. Ilikuwa pombe ya ndizi, wakanimiminia nionje, nikaonja, nikakunja uso, wakapiga makofi. Mama Leokadia alikuwa anajifuta machozi. Nilidhani ni moshi.

Alhamisi ile sikuwa na wazo jingine, na tukio lile lilinivutia: makoti, kibuyu, vigelegele. Nikachora. Wazee kwenye irembo, mwanamke anakimbia, mwanamke amebeba kibuyu, watu wamekaa wanakunywa. Kwa mara ya kwanza mwenye baiskeli hakuwemo. Nilipobandika, darasa halikupiga kelele. Walitazamana, kisha kikaanza kicheko cha chinichini kinachotembea dawati kwa dawati. "Nini? Kuna nini?" Wakainamia madaftari. "Haya, pangeni, andikeni." Sijawahi kuona watoto wanaandika kwa furaha namna ile. Hakuna aliyeniuliza neno la Kiingereza, hakuna aliyetoka kwenda chooni.

Saa ya uji nikakaa ofisini nisahihishe. La kwanza juu lilikuwa daftari la Onesmo, na maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Wazee wamekuja kutafuta mke. Wamesimama irembo. Mke anakuja mwenyewe. Anakimbia. Ana haraka sana. Mke ni Madam. Mume ni Baba Editha. Tumefurahi." Nikasoma tena. Nikasema huyu mtoto mpumbavu, leo atanitambua. Nikachukua la pili. Madam anakimbia. La tatu. Madam anaolewa na mtu wa baiskeli. La nne, la tano. Ng'ombe naye alikuwa amerudi, jamani, maana wengine walikuwa wameshamtoa kama mahari! Nimeshika kalamu nyekundu bila kusahihisha, mwalimu mwenzangu ananiuliza umepata habari mbaya nyumbani? Nikazidi kufungua madaftari. La mwisho lilikuwa la Editha, mwandiko wake ule wa kusimama wima. "Hawa ni baba zangu wakubwa na mzee wetu. Huyu ni Madam. Bibi amepaka nyumba chokaa. Baba amenunua shati. Mimi nitakuwa na mama. Nyumbani nitamwita Mama. Shuleni nitamwita Madam, nisimwaibishe." Wale wengine walikuwa wamenitia hasira, la Editha nililifunga nikasimama.

Sikungoja kengele. Nilishuka mlima nusu nikikimbia, nikamkuta Mama Leokadia anapepeta maharage uani. "Mama, wale wazee wa Jumapili walifuata nini hapa?" Akasimamisha ungo. "Mwarimu, mbona unauriza? Si ulipokea mwenyewe?" "Nilipokea mzigo!" "Ulipokea irembo," akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Hapo ndipo nikafundishwa. Kwao wazee wakisimama namna ile na pombe, wamekuja kushika mlango wa binti, kumwekea nafasi asichukuliwe na wengine. Binti anayeombwa hujificha jikoni. Wenye nyumba hujifanya hawaoni, baadaye huuliza mmepotea njia?, na mchezo huo unaweza kwenda miezi kabla pombe haijapokewa. "Sisi tulikuwa tunaanza tu kuwazungusha," akasema Mama Leokadia, "ili ufikirie. Wewe ukatupa kisu ukakimbia. Ukakimbia, Mwarimu! Mzee akitaka kusita unamnyang'anya kibuyu! Tukasema basi, amempenda mpaka ameshindwa kuvumiria."

"Nimempenda nani? Mimi hata sijawahi kuongea naye!"

"Sasa mbona unamchora?"

Akaendelea, na sasa yeye ndiye alikuwa ameanza kushtuka, ungo umeinama maharage yanamwagika. "Kira wiki unamchora. Mtoto anapereka kwao. Nenda kaone ukuta wa bibi yake! Mwanamke anayekaa na kumchora mwanaume mmoja kira wiki, na kofia yake, na mvua inamnyeshea, anataka nini?" Yale mazungumzo ya juu ya ukuta, mwarimu hivi, mwarimu vile, kumbe yalikuwa ni haya. Mzee Filipo akatoka ndani akiwa amesikia yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Hapa mimi ndiye baba yako. Ukitaka, tutaendelea. Usipotaka, pombe nitairudisha mimi mwenyewe, na aibu nitaibeba mimi. Wewe sema tu." Nikalia mbele yao kama mtoto mdogo.

Nilifikiria. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walikataa palepale. Mimi nilikaa kwenye kitanda changu cha kamba kutwa nzima ya Ijumaa nikisingizia tumbo, nikafikiria kweli. Bonifasi alikuwa mtu wa heshima, shamba lake safi, hakuwa mlevi, na nilipokuwa simjui nilikuwa nimemwangalia kuliko nilivyowahi kumwangalia mwanaume yeyote. Na Editha je? Mtoto ambaye tayari ameshapanga ataniitaje nyumbani na ataniitaje shuleni! Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili, yeye anakaribia arobaini, na moyoni mwangu hapakuwa na kitu juu yake zaidi ya kofia. Jioni nikamwambia Mzee Filipo hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa koti.

Jumamosi mchana Bonifasi akaja mwenyewe. Hakuja na baiskeli. Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, na kofia ameishika mkononi. Mama Leokadia akatuwekea viti uani, akaenda kusimama jikoni mahali ambapo angesikia kila kitu. "Mwalimu," akaanza, "nimeambiwa kumetokea kosa." Nikamwambia ndiyo, Baba Editha, nisamehe, sikujua desturi. Akasema, "Mimi niliambiwa wewe ndiye umenitaka. Nilishangaa. Nikasema, mwalimu, kijana, mtu wa Morogoro, kaona nini kwangu? Mama akanionyesha ukuta. Nikaangalia, nikasema labda kweli." Aliongea bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lilinichanganya kabisa, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sasa mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikaropoka: "Ni kofia, Baba Editha. Kofia yako ni rahisi kuchora." Nikatamani ardhi inimeze! Akaitazama ile kofia. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa lile shati jipya, na jikoni nikasikia Mama Leokadia naye ameshindwa kujizuia. "Kofia!" akasema. "Na mimi nimenunua shati."

Alipotulia akaniambia nisiwe na wasiwasi; atawaambia watu ni yeye ameghairi, mwanaume akighairi watu husema wiki moja tu. Alifanya hivyo kweli, na hakuoa tena; kwa nini, sijui, na sijawahi kumuuliza mtu. Akasimama, akavaa kofia. Halafu akasita. "Jambo moja tu, Mwalimu. Mtoto umwambie wewe. Mimi nimejaribu tangu jana. Nafungua mdomo, ananiletea maji ya kunawa, nashindwa."

Pale msibani nilikaa nikimwangalia Editha anavyozunguka kati ya watu, mama mzima, kanga kiunoni, anahakikisha kila mzee amepata chai, macho yamevimba na bado anakumbuka nani hatumii sukari. Nilijiuliza kama anaikumbuka Jumatatu ile niliyomwambia. Sikuthubutu kumuuliza. Ilikuwa baada ya vipindi, zamu yake ya kufagia darasa. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na maneno mazuri, ya kuhusu watu wazima na mambo ya watu wazima, na yote yalinikimbia nilipomwona anafagia chini ya meza yangu kwa uangalifu kuliko mahali pengine pote. "Editha, njoo ukae." Akakaa. Nikamwambia kwamba mimi na baba yake hatutaoana. Kwamba kulikuwa na kosa, na kosa si lake wala si la baba. Kwamba nitaendelea kuwa mwalimu wake na ninampenda sana.

Hakulia. Alishika ule ufagio magotini akawa anaupanga majani yake, jani moja moja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani, "Madam, mimi sili sana."

Niliwahi kushtuka mara nyingi mwaka ule, nimeshaeleza hapa. Lakini si kama hapo. "Unasema nini, mwanangu?"

"Sili sana. Muulize bibi. Na maji nachota mwenyewe, na kuni. Na kulala nalala na bibi, kwa hiyo kitanda hakitahitajika." Alikuwa amekaa na kulipigia hesabu jambo lile, na katika hesabu yake tatizo lilikuwa yeye. Nilimvuta nikamkumbatia, nikamwambia si wewe, Editha, si wewe, si wewe. Akaniacha nimkumbatie. Aliposikia nimenyamaza akauliza begani kwangu, kwa upole kabisa, "Basi ni nani? Baba si mzuri?" Nilimwambia baba ni mzuri. Akangoja niendelee, kama nilivyokuwa nawafundisha mimi mwenyewe, halafu? Sikuwa na cha kuendeleza. Akainuka, akamalizia kufagia, akafunga madirisha, akasema kwa heri Madam, na kuanzia siku ile hakunibebea tena kapu.

Sikuchora tena. Nilirudi kwenye kitabu, watoto wakanuna, Onesmo akaniuliza waziwazi mtu wa baiskeli kafa? Nikamwambia kaa chini. Barua yangu ya uhamisho kwenda Biharamulo ilikuja mwishoni mwa mwaka, sikuiomba. Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo niliwapa picha za kitabuni, familia iko mezani: baba mwenye suruali ndefu, mama anapakua chakula, mtoto ameshika kijiko. Picha ya kawaida kabisa. Nikakusanya madaftari, nikayasahihisha ofisini peke yangu, walimu wenzangu wameshaondoka. Wengi waliandika vizuri, mama anapika, baba anakula, mtoto anasema asante. Nikafika kwa Editha. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, nami maneno yake nayasema kwa Kiswahili kama nilivyoyashika: "Huyu ni baba. Huyu ni mtoto wake. Huyu mwanamke ni mgeni. Wamempa chakula. Kesho ataondoka. Baba na mtoto watabaki. Wako wawili. Wanatosha." Nilishika kalamu nyekundu nikatafuta kosa, nikarudia tangu mwanzo nikatafuta tena. Halikuwepo hata moja.